Tumbo Bado Liko Juu

Huku machimboni, Geita
Jumapili, saa saba mchana

Kwako Mama Salome, Bhoke wangu,

Habari za Nyahanga? Habari za soko, na za Baba Salome na mguu wake? Mara ya mwisho uliniambia ameanza kutembea bila fimbo, nikashukuru kwa niaba yako, maana najua mwanamume akikaa ndani wiki tatu anavyowamaliza watu kwa kuagiza maji ya kunywa. Mfikishie salamu zangu. Mama mkwe wako mwambie nampa shikamoo, na ile dawa ya macho aache kuwaazima majirani. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu anayeshinda amesimama anavyoweza kuwa hajambo. Ikifika saa tisa miguu inavimba, asubuhi inarudi, na maisha yanakwenda. Amosi yuko Mwanza anafundisha, hapigi simu mpaka nimpigie mimi. Ndiyo watoto wetu.

Najua unashangaa, barua ya nini siku hizi, wakati namba yangu unayo na yako ninayo. Simu nimeijaribu, mwenzangu. Tangu wiki juzi umenipigia mara nne, na mara zote nne nimekuachia uongee wewe, mimi nikijibu mh, mh, kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Haya niliyo nayo hayasemeki kwenye simu. Ukilia sitajua nifanye nini, na ukinitukana nitakata. Kwa hiyo leo nimetoka misani, nimefunga mlango, nimekaa. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote. Ukimaliza, mpe Salome naye aisome.

Barua hii ataileta Nestory, yule kondakta mwenye kofia ya kijani, pamoja na mfuko. Humo utakuta dagaa wa Nkome, safari hii hawana mchanga. Utakuta na vitu vingine viwili, na kimoja ni kitenge chako. Usikasirike kwanza.

Ulinitumia kitenge kile pea nzima, na mchele juu yake, ukasema ni radhi, kwamba mwanao amenitia aibu kazini na wewe huna pa kuweka uso. Mchele tumeula, sitakudanganya, maana ulifika siku ambayo sikuwa hata na unga. Kitenge nilikitandika kitandani nikakiangalia. Nilikipeleka kwa fundi, fundi akachukua vipimo, nikamwambia basi, nipe nitarudi. Sikurudi. Mwili wangu haukukikubali, na nikimaliza kuandika utajua kwa nini.

Alhamisi hii Salome anasimama mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Umeniambia umemwagiza akiri kila kitu, aseme alimchoma mzazi sindano kwa kiherehere chake bila kutumwa na mtu, apige magoti, labda watamwonea huruma. Mwalimu Deusdedit, yule anayepita kuwakagua wanafunzi wao walioko fildi, mazoezini vituoni, amenidokeza kwamba hawatamwonea. Mwanafunzi akitoa dawa bila kuagizwa, na mtoto akafa, hiyo ni kufukuzwa, na akishafukuzwa kwa kosa la namna hiyo hakuna chuo kingine cha uuguzi kitakachomgusa. Miezi minne tu ilibaki amalize. Na wewe nakujua, ukiapa umeapa. Umesema akifukuzwa unampeleka Nkome kwa shangazi yake akaanike dagaa, kwa sababu damu ya watu si ya kuchezea. Kwa hilo la damu ya watu sikupingi hata kidogo.

Wacha nianzie mbali kidogo. Januari ulipoomba Salome aje kufanya fildi kituoni kwetu, nilifurahi. Nilikuambia nitamlea kama wangu, unakumbuka. Nikampa chumba cha Amosi. Asubuhi ya kwanza alinikuta kituoni akapiga goti pale pale koridoni, shikamoo mama mdogo, mbele ya wagonjwa na wenzake wote. Nikajisikia mtu. Nikasema moyoni, Mkurya gani huyu mpole hivi, huyu si wa Bhoke, huyu ametoka kwetu Didia, kwa Wasukuma. Nyumbani alikuwa anaamka kabla yangu, maji ya kuoga yapo, chai ipo. Kazini nikimwonyesha kitu na kumuuliza kama ameelewa, anajibu ndiyo mama mdogo. Sikumsikia hata siku moja akisema hajaelewa. Mimi mtu mzima, mkunga wa miaka ishirini na sita, nikachukulia kwamba mtoto anaelewa kila kitu.

Sasa kazi yenyewe. Tangu rashi ya Desemba, shimo la duara moja huku juu lilipotema dhahabu, watu wameingia kutoka kila mkoa, na wake zao nyuma yao. Mwanamke anakuja na uchungu, kadi ya kliniki ni ya Kigoma, au ya Singida, amehudhuria mara moja tu tangu mimba iingie, halafu mumewe alisikia dhahabu imehamia kwingine wakafunga mizigo. Kipimo cha picha hatuna. Wakunga tulikuwa wawili, Rebeka naye akajifungua akaenda likizo. Nikabaki mimi na wanafunzi tisa wa vyuo viwili, kila mmoja na kitabu chake cha mazoezi ambamo msimamizi anatakiwa kutia saini kila anapoona kwa macho yake kwamba mwanafunzi amefanya kitu, na amekifanya sawasawa. Ndiyo, mimi ndiye msimamizi. Mwaka wa sita huu. Daktari Masudi, mganga wetu mfawidhi, alinipa barua ya uteuzi akiwa juu ya pikipiki, injini inaunguruma, akasema hongera mama, akaondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kumsimamia mtu, na mimi sikuwahi kujiuliza.

Nilikuwa na sababu ya kujua, maana mimi na wewe tulisimamiwa tulipokuwa wanafunzi. Unamkumbuka Sista Ritha? Anasimama nyuma yako, mikono ameifungia mgongoni, hagusi kitu. Kabla hujamwekea mgonjwa mkono anakutaka umwambie unataka kufanya nini na kwa nini. Ukikosea kusema, hufanyi. Na ile desturi yake ya kabla ya chai, kila mmoja aseme kitu kimoja asichokijua siku hiyo, ndipo apewe kikombe! Wewe siku ya kwanza, na ubishi wako wa Tarime, ukasema wewe unajua vyote. Ukaosha ndoo za leba wiki nzima, na chai hukunywa. Nilikucheka mpaka nikaumwa mbavu. Saini yake ilikuwa ngumu kuliko komunio ya kwanza, anakukalisha jioni, anakuuliza ulichofanya hatua kwa hatua, akiridhika ndipo anatoa kalamu.

Kuna siku moja sijui kama unaikumbuka. Mimi ndiye niliyemwambia Sista kwamba kipimo chake cha presha kinadanganya. Mwanafunzi, tena Msukuma wa kijijini ambaye Kiswahili chenyewe bado kinamkwama, anamwambia Sista. Akakichukua kile kipimo, akajipima, akampima mpishi, akaleta kingine akalinganisha, akakuta kweli. Akaniambia wabeja sana, yaani asante sana kwa Kisukuma, mbele ya wagonjwa, halafu akaniagiza niandike barua ya kuomba kipimo kipya kwa jina langu mwenyewe. Mpaka leo sijawahi kupewa sifa iliyonikaa kama ile. Na bado nikausahau ule mfano, Bhoke. Sijui niliudondoshea wapi.

Mimi nilikuwa natia saini Ijumaa. Wanafunzi walishanijua. Saa nane na nusu, nimekaa, viatu nimevua, wanaweka vitabu mezani vimefunguliwa ukurasa wenyewe, na kikombe cha chai pembeni. Nasaini huku nafikiria nitapika nini. Kwenye kitabu cha Salome kuna uzazi kumi na mmoja niliousaini kwamba nimemwona akizalisha. Nilimwona mara mbili. Mara tisa nilikuwa wodini, au stoo, au kwenye vidonda vya wachimbaji, au nimekaa tu chooni nimepumzika kwa kuwa ndiyo sehemu pekee watu hawanifuati. Nilisema kesho nitasimama naye vizuri. Kila siku kesho.

Kuna lingine nalo, na hili ndilo linaloniuma kuliko hizo saini. Wiki yake ya pili, mjamzito mmoja amelala kitandani, bibi zake wawili wamekaa pembeni, nimempima presha nimeandika. Salome akasema, kwa adabu zote, kwamba labda tumpime tena kwa kuwa mkono ulikuwa umekunjwa. Alikuwa sahihi, mkono ulikuwa umekunjwa kweli. Lakini wale bibi waliniangalia, mmoja akacheka, nikaona moto unanipanda. Nikamfokea. Na jioni nyumbani, akiwa anachambua mchele, nikarudia kwa utulivu, nikamwambia mtoto aliyelelewa hamsahihishi mama yake mbele za watu, na kwamba wewe ungesikia ungesikitika. Nilitumia jina lako, Bhoke. Akaweka ungo chini akaomba msamaha. Tangu jioni ile sikumsikia tena akisema labda. Nami nikaona nimefundisha.

Jumanne ya tukio lenyewe unaijua, lakini unaijua kwa ile ripoti iliyopelekwa chuoni. Saa moja asubuhi aliletwa Monika, mke wa Ngassa, Ngassa ni mchimbaji wa duara la huku bondeni. Mimba ya pili, kadi ya Singida, kahudhuria mara moja. Nilimpapasa tumbo haraka haraka nikaandika mtoto mmoja. Saa tatu na nusu duara la jirani likatitia, wakaletwa vijana wanne kwa bajaji, mmoja mguu hautazamiki. Daktari Masudi alikuwa kwenye kikao wilayani. Nikakimbilia chumba cha vidonda, ambacho na leba kinatenganishwa na pazia, nikamwacha Salome na Monika.

Ripoti inasema hivi. Kwamba mwanafunzi Salome alimzalisha mama huyo mtoto wa kike salama. Kwamba baada ya hapo, bila kuagizwa na bila kuhakikisha kwamba tumboni hakuna mtoto mwingine, alimchoma oksitosini. Wewe umeacha kazi siku nyingi lakini hili hujalisahau: sindano ile inakaza kizazi ili mzazi asimwage damu, na ndiyo maana kwanza unapapasa tumbo, kwa sababu kama kuna pacha ndani, kizazi kitambana huko huko akose hewa. Alikuwepo. Alitoka baada ya dakika ishirini na tano, mtoto wa kiume, amelegea, hana rangi. Nilimpumulisha kwa mpira wa kusukumia hewa mpaka vidole vikafa ganzi. Akavuta pumzi kidogo kidogo, tukaita gari la rufaa, gari likaja saa saba, na saa nane, kabla hawajafika hospitali, akafariki. Wamewapa majina kama kawaida yetu, wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Doto amezikwa nyuma ya kibanda chao cha turubai, maana kwao ni mbali.

Ripoti hiyo niliiandika mimi. Mwandiko wangu unaujua, mzuri. Daktari Masudi akaisaini hapo hapo bila swali, kama mimi ninavyosaini Ijumaa. Chuo kikapelekewa nakala, Salome akaambiwa afungashe.

Sasa kaa, Mama Salome. Kama umesimama, kaa.

Salome hakuchoma ile sindano kwa kiherehere. Alipompokea yule mtoto wa kike alimkausha, akamweka kifuani kwa mama yake, akampapasa mama tumbo, vile vile inavyotakiwa, na sikumfundisha mimi. Halafu akaja mpaka kwenye pazia akasema kwa sauti ndogo, mama mdogo, naona tumbo bado liko juu. Mimi nimeinama, nimeubana mshipa wa yule kijana, damu imenifika viwikoni. Sikugeuka. Nikamwambia matumbo ya wanawake ndivyo yalivyo, asinipotezee muda, akachome oksitosini kabla mzazi hajaanza kumwaga damu. Pazia letu ni fupi. Nikaona viatu vyake vyeupe vimesimama pale pale, haviondoki. Akaniita tena, mama mdogo. Mara moja tu. Nikamuuliza kwa ukali, tena kwa ile sauti ya nyumbani siyo ya kazini, nilimwambia nini kuhusu kunibishia mbele za watu.

Akasema ndiyo mama mdogo. Viatu vikageuka. Akaenda akachoma.

Alijua, Bhoke. Mwanao alijua, akaniambia, na mimi nikamzuia kwa heshima yenu wenyewe mliyomfundisha. Aliyemuua Doto ni mimi. Nimeandika hivyo na siufuti huo mstari.

Daktari Masudi aliporudi jioni akatuita wote wawili. Akamuuliza Salome nani alimwagiza kuchoma. Salome akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, alikuwa ananisubiri tu, kama mtoto anayemsubiri mkubwa aongee kwanza. Nikaangalia kitabu cha wazazi. Nikageuza ukurasa. Ndipo Salome akasema nimekosa, daktari. Basi. Jioni ile ile aliniwekea maji ya moto kwenye beseni niloweke miguu. Na siku anaondoka akapiga goti mlangoni, akanishukuru kwa kumlea. Nilitamani ardhi inimeze, lakini badala yake nikampa nauli na mkate wa njiani. Ona mtu nilivyo.

Utaniuliza kwa nini. Niliogopa. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, nikaona leseni inachukuliwa, nikaona watu wananinyooshea kidole sokoni, nikajiambia huyu ni kijana, ataanza maisha mengine. Na nilichoka, nao uchovu nauandika hapa usije ukadhani naufanya kisingizio. Nimechoka kweli, mwenzangu, nimechoka mpaka nikilala naota nimesimama. Lakini wanaochoka ni wengi na hawaandiki uongo.

Ijumaa iliyopita Monika alikuja kliniki na Kulwa. Nikamkaribisha mwenyewe, nikamtolea kiti, nikaongea sana, unajua mtu mwenye kosa anavyoongea. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Ndipo akauliza yule binti mwembamba aliyemshika mkono yuko wapi. Nikasema amerudi chuo. Akasema basi akirudi nimsalimie, kwa sababu siku ile alimsikia akisema tumbo bado liko juu, na mimi nikasema achome. Alisema hivyo hivyo, bila kupandisha sauti, mtoto mapajani. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema anataka mtoto apimwe uzito, ana kazi nyumbani. Nikampima. Kilo tatu kasoro kidogo. Jina nikaandika mimi kwenye kadi, Kulwa Ngassa. Mtoto huyo atakaa na jina hilo maisha yake yote, na kila Msukuma atakayemwita atamuuliza Doto yuko wapi. Akizaliwa mwingine ataitwa Shija, jina la anayewafuata mapacha, na swali litakuwa lile lile.

Usidhani basi kwamba nimeungama kwa sababu ya utakatifu. Labda ni kwa sababu nimeonekana. Sijui, nimejaribu kujichunguza nimeshindwa. Ninachojua ni kwamba jana Jumamosi nimeandika ripoti nyingine, ya kweli, nikampelekea Daktari Masudi nyumbani kwake. Alisoma, akasoma tena, akaniambia nirudi nifikirie, kwamba kituo kitabaki bila mkunga, na Salome anaweza kusomea hata ufamasia. Nikamwambia nimeshafikiria. Nikaiacha mezani kwake chini ya sahani ya karanga, nikatoka. Mwalimu Deusdedit nimempigia aniweke kwenye orodha ya watakaoongea Alhamisi. Akauliza kama najua kitakachonipata. Nikasema najua. Kesho jioni Ngassa akitoka duarani nitakwenda pale kwenye turubai niwaambie yeye na mkewe, Ngassa bado hajui, na sijui atanifanya nini.

Alhamisi nitakuwa chuoni kabla ya saa mbili. Salome asikiri kitu. Mwambie mimi nimesema, akiulizwa nani alimwagiza, ajibu kwa jina langu kamili, Tereza, siyo mama mdogo. Na asipige goti mbele ya mtu yeyote pale. Nawe Bhoke, kama umemfokea, na najua umemfokea kwa sababu uliniambia kwa kujisifu, umwombe radhi. Umwombe leo hii, usingoje kamati. Mimi unaweza kunifanya lolote. Ukinikuta pale chuoni ukanigeuzia mgongo sitakufuata.

Kitenge ni chake. Kishonwe gauni la siku ya Alhamisi, fundi wako wa Nyahanga ana haraka.

Kitu cha pili kwenye mfuko ni kitabu chake cha mazoezi, nilikuwa nimekizuia kabatini. Nimekaa nacho asubuhi nzima. Zile saini tisa za uongo nimezipiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba msimamizi hakuwepo, ili lawama iwe yangu isiwe yake. Zile mbili nilizoziona nimeziacha. Itabidi arudie tisa zilizobaki mbele ya mtu anayeangalia, na hiyo ni haki yake siyo adhabu. Ukurasa wa mwisho nimeujaza upya, wa Jumanne ile. Kwenye mstari wa kupapasa tumbo baada ya mtoto kutoka nimeandika: amefanya, amefanya sawasawa, ametoa taarifa mara mbili, msimamizi hakusikiliza. Nimesaini, na tarehe nimeweka. Katika miaka sita ni saini yangu ya kwanza niliyokaa nayo kama Sista Ritha.

Nawaombea heri wote wa nyumba yako, kuanzia mzee mpaka kuku. Baba Salome asilegeze mazoezi ya mguu. Salome msalimie sana. Akitaka kunijibu, ajibu. Asipotaka, usimlazimishe, wala usimkumbushe adabu.

Ni mimi niliyekuahidi nitamlea,
Tereza, Mama Amosi